Kutembelea makasri na mahekalu ya kale Korea Kusini: anza kwa kutazama chini

Tuanze na kalenda maana hapo ndo watu wengi wanaumia. Kasri la Gyeongbokgung pale Seoul linafungwa Jumanne, na Jongmyo, yaani mahali pa matambiko ya wafalme, nako Jumanne. Makasri mengine ya hapo Seoul, Changdeokgung, Changgyeonggung na Deoksugung, wao wanafunga Jumatatu, na makaburi ya wafalme wa Joseon, ukoo wa mwisho wa kifalme Korea, nayo ni Jumatatu. Sasa chukua mtu ana siku mbili tu Seoul na zimeangukia hapo hapo, inabidi Jumatatu aende Gyeongbokgung na Jumanne aende Changdeokgung, akigeuza tu kakosa vyote viwili na kabaki kupiga picha na geti. Kwa hiyo kabla hujaangalia hoteli wala nini, andika siku zako kwenye karatasi kwanza. Ikitokea siku ya kufungwa ni sikukuu ya taifa, huwa wanafungua na kufunga siku inayofuata, ila hiyo hakikisha kwenye tovuti ya kasri lenyewe.

Jambo la pili ni la kichwani zaidi. Korea ya zamani ilijengwa kwa mbao, na mbao zinaungua. Wamongolia walichoma miaka ya 1200, Wajapani wakachoma kwenye vita vya 1592 mpaka 1598, ukaja ukoloni wa Kijapani 1910 mpaka 1945 ukabomoa, halafu vita vya Korea vya 1950 mpaka 1953 vikamalizia. Matokeo yake majengo mengi unayoyaona yamejengwa upya, mengine umri wake hauzidi wa mzazi wako. Kuna watu wakishajua hilo wanakasirika wanaona wametapeliwa. Usikasirike, badili tu unapotazama. Sakafu, ngazi, mawe ya msingi, madaraja, njia za kupita, hivyo mara nyingi vipo palepale vilipowekwa, na ndo vinakwambia nani alikuwa anasimama wapi. Kila sehemu nitakayoitaja humu ushauri wangu ni uleule, tazama chini kwanza, mapaa na rangi yatakusubiri.

Gyeongbokgung, asubuhi na mapema

Panda treni ya chini ya ardhi, shuka stesheni ya Gyeongbokgung, laini ya 3, toka mlango namba 5, unatokea ndani ya uwanja kabisa. Wanafungua saa tatu asubuhi. Kiingilio kwa miaka mingi kimekuwa won 3,000 kwa mtu mzima, na ukivaa hanbok, lile vazi la asili la Kikorea, unaingia bure, ila lazima iwe kamili juu na chini, sio uvae sketi yake na tisheti. Maduka ya kukodi yamejaa pembeni ya kasri. Kiukweli kama lengo lako ni picha kodi, kama lengo lako ni kutembea kwa muda wa saa tatu kwenye mawe na jua la Agosti, vaa nguo zako.

Mabadiliko ya walinzi ni saa nne asubuhi na saa nane mchana, na wala hayahitaji tiketi kwa sababu yanafanyika uwanja wa mbele, kati ya lango kubwa la Gwanghwamun na lango la pili la Heungnyemun ambako ndo wanakagua tiketi. Watu wanafanya kosa moja hapa, wanafika saa nne kasoro wanasubiri walinzi, wanamaliza kuangalia, halafu wote mnaingia ndani kwa pamoja msongamano kama wote. We ingia saa tatu moja kwa moja mpaka ndani, uwanja wa mbele ya jumba la kiti cha enzi utakuwa karibu mtupu.

Na jumba hilo, Geunjeongjeon, simama mbele yake uangalie sakafu. Mawe yake hayajalainishwa, yamekatwa kwa kukwaruza tu na hayalingani ukubwa. Inasemekana waliyaacha hivyo makusudi, jua lisirudishe mwanga mkali machoni na watu wasiteleze na viatu vyao vya ngozi. Ukitazama kwa makini utaona uwanja una mteremko kidogo kuelekea kusini ili maji ya mvua yakimbie. Katikati kuna njia iliyoinuka, hiyo ni ya mfalme peke yake. Pande mbili za njia kuna vijiwe vimesimama vyenye maandishi, ndo vyeo hivyo, maofisa wa kiraia mashariki na wa jeshi magharibi, kila mtu na daraja lake, wa cheo cha juu karibu na mfalme na wa chini huko nyuma kabisa getini. Halafu tafuta pete za chuma zilizopigiliwa sakafuni. Wengi wanazikanyaga bila kujua ni nini. Hizo zilikuwa za kufungia kamba za turubai siku za sherehe, maana wazee wa baraza nao walikuwa wanaungua jua kama wewe. Kwa picha nenda kona ya kusini mashariki ya uwanja, hapo unapata jumba zima na milima ya Bugaksan na Inwangsan nyuma yake.

Historia yake kwa kifupi ili usipate shida na vibao. Lilikamilika 1395, miaka mitatu baada ya utawala wa Joseon kuanza. Likaungua 1592, likakaa gofu zaidi ya miaka 250 hivi hivi, mpaka baba yake mfalme Gojong, yule wanayemwita Daewongun, alipolijenga upya miaka ya 1860. Wajapani wakaja wakabomoa sehemu kubwa na kujenga jengo lao kubwa la utawala mbele kabisa, lile limebomolewa juzi juzi tu, 1995 hadi 1996. Na lango la Gwanghwamun unalopita lilirudishwa la mbao mwaka 2010, kabla ya hapo lilikuwa la zege, na lile jukwaa refu la mawe mbele yake limerudishwa 2023. Yaani unaangalia kazi ambayo bado inaendelea.

Wengi wakishaona kiti cha enzi na lile jumba la karamu kwenye bwawa, Gyeonghoeru, wanageuza. Usigeuze. Gyeonghoeru yenyewe hesabu nguzo zake za mawe, ziko 48, za nje pembe nne za ndani mviringo. Halafu endelea nyuma mpaka jumba la Jagyeongjeon, zunguka nyuma yake kuna ukuta wenye bomba za moshi za kupashia sakafu joto, na kwenye ukuta huo wamechonga vitu kumi vya kuomba maisha marefu, korongo, kobe, msonobari, kulungu na wenzao. Bomba la moshi limepambwa kuliko nyumba za watu. Na mwisho kabisa kaskazini kuna Geoncheonggung, panapendeza na pametulia, na ndo hapo mwaka 1895 Wajapani walimuua malkia Myeongseong. Hapo hapo pia ndo taa ya umeme ya kwanza Korea iliwashwa, 1887. Tenga saa mbili na nusu mpaka tatu kwa kasri zima.

Changdeokgung na ile bustani

Ukiniambia nichague kasri moja tu nakwambia Changdeokgung bila kufikiri. Lilijengwa 1405, na wafalme wengi waliishi hapa kuliko Gyeongbokgung kwa sababu kule palikuwa gofu, halafu limepangwa kufuata mlima, majengo yamekaa yanapokaa ardhi, sio mstari mmoja ulionyooka. UNESCO waliliandikisha 1997. Shuka stesheni ya Anguk, laini ya 3 hiyo hiyo.

Ukiingia tu kuna daraja la mawe, Geumcheongyo, la mwaka 1411. Watu wanavuka mbio kuwahi ndani. Simama pembeni utazame chini ya matao yake, kuna mnyama wa mawe kila upande kawekwa kulinda maji. Hilo daraja limeona mioto yote, limebaki.

Bustani ya nyuma, Huwon, ina tiketi yake, won 5,000 juu ya ile 3,000 ya kasri, na unaingia kwa saa maalum, idadi ya watu imewekewa kikomo. Nafasi zinafunguliwa mtandaoni siku chache kabla, na zile za mwisho wa Oktoba na Novemba majani yakigeuka rangi zinaisha fasta mno. Nyingine zinauzwa pale pale dirishani kwa hiyo ukikosa mtandaoni amka mapema upange foleni. Ndani ni miinuko na mishuko, vaa viatu vya kueleweka na nenda msalani kabla. Bwawa la kwanza, Buyongji, ni la pembe nne lenye kisiwa cha duara katikati, kwa imani yao ardhi ni pembe nne na mbingu ni duara. Jumba la ghorofa linaloliangalia bwawa lilijengwa 1776 na mfalme Jeongjo kuweka vitabu vya kifalme. Ukitoka bustanini pitia Nakseonjae, nyumba za mbao tupu bila ile rangi ya kijani na nyekundu, hapo ndo watu wa mwisho wa ukoo wa kifalme walikuwa wanaishi mpaka 1989. 1989 jamani, sio zamani hata kidogo.

Jongmyo na makaburi, wanapopasahau watu

Jongmyo hakuna mapambo na ndo maana wengi wanapita. Jumba kuu lina urefu wa karibu mita 100, vyumba 19 mfululizo, ndani vimewekwa vibao vya roho za wafalme na malkia wao, na mbele yake uwanja wa mawe mtupu. Siku za kawaida unaingia na mwongozaji kwa saa zilizopangwa na lugha zilizopangwa, kwa hiyo angalia saa ya Kiingereza, Jumamosi na Jumapili unatembea mwenyewe. Kiingilio won 1,000. Kuanzia getini kuna njia ya mawe yenye mistari mitatu. Ule wa katikati ulioinuka ni wa roho, wa kulia ukiingia ni wa mfalme, wa kushoto wa mwana wa mfalme. Usikanyage wa katikati. Hata kama hakuna mtu anakuona, we pita pembeni tu, hiyo ni heshima ya mahali pa watu. Jumapili ya kwanza ya Mei wanafanya tambiko lenyewe na muziki na mavazi yote, kama ratiba yako inaweza kufika siku hiyo, panga.

Makaburi ya wafalme wa Joseon yako 40 kwenye orodha ya UNESCO tangu 2009, mengi pembezoni mwa Seoul. La rahisi kufika ni Seolleung, lipo katikati ya Gangnam kwenye maghorofa, laini ya 2 stesheni jina hilo hilo. Unaingia chini ya lango jekundu lisilo na paa, unafuata njia ya mawe yenye ngazi mbili, ya juu ya roho na ya chini ya mfalme aliye hai, mpaka jumba la kutolea sadaka. Ngazi za jumba unapanda upande wa mashariki na kushuka magharibi. Kichuguu chenyewe kiko juu huko, na Wajapani waliyafukua makaburi haya wakati wa ile vita ya 1592. Ukiwa na muda zaidi nenda Donggureung mji wa Guri, makaburi tisa msituni. La mwanzilishi, Taejo, utalitambua haraka, mengine yote nyasi zimekatwa vizuri lakini lake limeota matete marefu, maana alitaka azikwe na matete ya kwao Hamheung, ambako leo ni Korea Kaskazini. Hawayafyeki isipokuwa mara moja kwa mwaka.

Gyeongju, lala huko

Watu wanaifanya Gyeongju safari ya kwenda na kurudi siku moja. Inawezekana, KTX, ile treni ya mwendo kasi, kutoka Seoul ni kama saa mbili, ila unakosa usiku na unakosa asubuhi na hivyo ndo vitu viwili vizuri kuliko vyote kule. Lala siku mbili. Stesheni ya KTX iko nje ya mji kwa hiyo kuna basi au teksi ya kuingia mjini, usishangae ukishuka ukaona mashamba.

Huu ulikuwa mji mkuu wa ufalme wa kale wa Silla karibu miaka elfu moja, mpaka 935, na katikati ya mji kuna vichuguu vya kijani vikubwa kama vilima, ni makaburi. Ukienda eneo la Daereungwon bustani ni bure siku hizi, unalipa tu kuingia ndani ya Cheonmachong, kaburi lililochimbwa 1973 wakatoa vitu zaidi ya 10,000 pamoja na taji la dhahabu. Ukiingia ndani angalia lilivyojengwa maana ndo siri yake. Chumba cha mbao, juu yake rundo la mawe ya mtoni, juu yake udongo. Hakuna mlango. Mwizi akianza kuchimba mawe yanamporomokea, kwa hiyo makaburi ya aina hii yalibaki na mali zake wakati mengine yameshasafishwa. Taji lenyewe na wenzake utayakuta Makumbusho ya Taifa ya Gyeongju, na hapo uani kuna kengele ya mfalme Seongdeok ya mwaka 771, uzito wa tani 18.9. Siku za kawaida hawaipigi ili kuilinda, wanacheza sauti iliyorekodiwa, na hata hiyo rekodi inakaa kifuani.

Kodi baiskeli, mji ni tambarare. Pita uwanja wa lililokuwa hekalu la Hwangnyongsa. Hapo hamna kitu, nakwambia ukweli, ni uwanja wa nyasi na mawe ya msingi, na ndo maana nakwambia uende. Palikuwa na mnara wa mbao wa ghorofa tisa, urefu kama mita 80, uliojengwa enzi za malkia Seondeok miaka ya 640, Wamongolia wakauchoma 1238. Tembea kwenye yale mawe ya nguzo, hesabu hatua kutoka kona moja mpaka nyingine, mwili wako utaelewa ukubwa wake kuliko maelezo yoyote.

Jioni nenda Wolji, bwawa la kasri la mwana wa mfalme, wanawasha taa giza likiingia. Lilipokaushwa na kuchimbwa kuanzia 1975 walitoa maelfu ya vitu matopeni, kimoja ni dadu ya mbao yenye pande 14 ya mchezo wa kunywa pombe, kila upande una amri, kunywa bilauri tatu mfululizo, cheza bila muziki, mambo hayo. Miaka zaidi ya elfu moja matopeni haikuoza, wakaipeleka maabara kuikausha ikaungua kwenye mashine. Zilizopo sasa ni nakala.

Hekalu la Bulguksa fika wakifungua, kabla mabasi ya wanafunzi hayajamwaga watoto. Mabasi namba 10 na 11 yanapita. Kiingilio kiliondolewa Mei 2023, mahekalu mengi makubwa ya dhehebu la Kibuddha la Jogye yaliacha kutoza siku hiyo hiyo, kwa hiyo ukikuta maelezo ya zamani mtandaoni yanayosema lipa, achana nayo. Hekalu lilianza kujengwa 751, mbao zake zikaungua mikononi mwa Wajapani 1593, lililopo lilikarabatiwa sana 1969 hadi 1973. Lakini zile ngazi mbili za mawe mbele, Cheongungyo na Baegungyo, na ukuta unaozishika, ni vya karne ya 8. Hupandi, zimefungwa, ila sogea karibu na ukuta. Chini kuna mawe makubwa ya asili yasiyo na umbo, na juu yake wameweka mawe ya kuchonga ambayo upande wa chini umekatwa kufuata kila bonde na kila nundu ya lile jiwe la asili. Hawakulisawazisha jiwe la chini, wamelikata la juu limfuate mwenzake. Kuna mshono unaweza kuufuata kwa macho kwa mita kadhaa na huoni nafasi ya kupitisha kisu. Ndani uani kuna minara miwili, Seokgatap wa kawaida na Dabotap wenye mapambo, huo wa pili ndo uko kwenye sarafu ya won 10. Dabotap ulikuwa na simba wanne wa mawe, kabaki mmoja. Ule wa kawaida ndo uliokuwa na siri, 1966 wezi waliuharibu, walipoufungua kuurekebisha wakakuta ndani karatasi ya maandiko iliyochapwa kwa ubao wa kuchonga, moja ya machapisho ya zamani kabisa yanayojulikana duniani.

Seokguram iko juu ya mlima huo huo, kuna basi namba 12 au unapanda kwa miguu kama saa moja. Sanamu ya Buddha ya jiwe inakaa ndani ya chumba cha pango la kutengenezwa, na unaitazama kupitia kioo, picha marufuku. Wengine wanalalamika wamepanda mlima wote ule kuangalia kioo. Sababu ni kwamba Wajapani miaka ya 1910 waliweka zege kwenye ukarabati, unyevu ukaanza kukaa ndani, na mpaka leo inabidi hewa idhibitiwe.

Adabu za hekaluni

Kasri ni makumbusho, hekalu watu wanaishi humo. Watawa wanaamka, wanasali, wanalima, wanafua. Kwa hiyo ukiingia lango la kwanza, lile lenye nguzo zilizopangwa mstari mmoja, kutanisha viganja kifuani na uiname kidogo. Hakuna atakayekulazimisha na hata kama una dini yako hiyo ni salamu kama kubisha hodi. Lango linalofuata kuna majitu manne ya kutisha yamekanyaga mashetani, wafalme wa pande nne za dunia, watoto wadogo huwa wanalia hapo, waandae.

Jumba la ibada lina mlango wa katikati na wa pembeni. Wa katikati ni wa watawa, we tumia wa pembeni, vua viatu, usikanyage kizingiti bali kiruke. Ndani usipige picha, na usipite mbele ya mtu anayesujudu. Soksi ziwe safi na hazijatoboka, hilo nalisema kwa upendo. Mabega na mapaja yafunikwe. Ukitaka kukaa chukua mto uliopangwa pembeni, ukimaliza rudisha ulipoutoa.

Baada ya jumba kuu zunguka nyuma, upande wa mlimani. Karibu kila hekalu lina kibanda kidogo huko chenye picha ya mzee mwenye ndevu na chui milia pembeni yake. Huyo ni roho wa mlima, alikuwepo kabla Ubuddha haujafika Korea, na Wabuddha hawakumfukuza, walimjengea tu nyumba nyuma ya nyumba. Na ukiingia jumba kuu la Tongdosa, kusini huko jirani na Busan, ukakuta hakuna sanamu ya Buddha usidhani imeibiwa. Kuna dirisha linaloangalia nje kwenye jukwaa la mawe ambako wanaamini masalia ya Buddha mwenyewe yamezikwa tangu karne ya 7, kwa hiyo sanamu ya nini.

Jitahidi uwepo machweo. Wanapiga vyombo vinne kwa zamu, ngoma kubwa kwa ajili ya wanyama wa nchi kavu, samaki wa mbao kwa viumbe wa majini, sahani ya chuma yenye umbo la wingu kwa ndege, na kengele kwa walioko kuzimu. Ngoma yenyewe mtawa anaipiga kwa vijiti viwili na mikono inakuwa haionekani. Saa inabadilika kwa msimu, uliza asubuhi ukifika.

Kulala hekaluni

Mpango unaitwa Templestay, ulianza 2002 wakati wa Kombe la Dunia hoteli zilipokuwa hazitoshi, ukanoga ukabaki. Unaweka nafasi kwenye tovuti yao rasmi na bei nyingi zipo kati ya won 50,000 na 100,000 kwa usiku, chakula ndani. Kuna aina mbili, ya kupumzika ambayo unajikalia tu, na ya mafunzo ambayo una ratiba. Wanakupa fulana na suruali pana, unalala sakafuni kwenye godoro jembamba na sakafu ina joto chini, wanaume na wanawake vyumba tofauti. Kuamka ni kama saa kumi alfajiri au kabla. Chakula hakina nyama, hakina kitunguu wala kitunguu saumu, na bado kinanoga sana. Ukipewa mlo wa bakuli nne za mbao ujue hutakiwi kubakiza hata punje, mwisho unasuuza bakuli kwa maji na kipande cha figili halafu unayanywa hayo maji. Hapo ndo wageni wanapotazamana. Chukua kidogo kuanzia mwanzo, hutapata shida.

Kusujudu mara 108, ambako kumo kwenye ratiba nyingi za hekaluni, sio utani, magoti na mapaja yanakaza siku mbili. Fanya unavyoweza, hakuna anayekuhesabia. Na usipange kupanda mlima kesho yake.

Kama ni hekalu moja tu la mbali unaweza kufika, nenda Haeinsa. Unapanda basi Daegu, stendi ya Seobu, kama saa moja na nusu. Huko kuna mbao zaidi ya 81,000 zilizochongwa pande zote mbili kati ya 1237 na 1248, maandiko yote ya Kibuddha, wakati Wamongolia wako nchini na mfalme kakimbilia kisiwa cha Ganghwa. Kinachonifurahisha mimi ni ghala lake la karne ya 15. Simama ubavuni mwa jengo uangalie madirisha. Upande wa mbele ya chini ni makubwa na ya juu madogo, upande wa nyuma ni kinyume chake, kwa hiyo upepo unaingia chini, unazunguka ndani unapanda, unatokea juu upande wa pili. Sakafu wameshindilia udongo, mkaa, chumvi na chokaa, inanyonya unyevu ukizidi na kuutoa ukipungua. Hakuna feni, hakuna mashine, na mbao hazijaoza. Kawaida unachungulia tu kwenye papi za madirisha, kuingia ndani ni kwa kuomba nafasi mapema kwenye tovuti yao.

Mengineyo

Kadi ya nauli ya T-money inauzwa maduka ya saa 24, inafanya kazi treni na mabasi miji karibu yote, ila kuongeza salio mara nyingi wanataka keshi, tembea na noti kidogo. Ramani tumia Naver Map au KakaoMap, na jina la hekalu likikataa kutokea kwa herufi zetu nakili la Kikorea ubandike.

Msimu mzuri ni Aprili mpaka Mei na Oktoba mpaka mwanzo wa Novemba. Mwisho wa Juni mpaka Julai ni mvua. Siku ya kuzaliwa Buddha, inaangukia Mei mara nyingi, mahekalu yote yana taa za karatasi na mengi yanagawa wali wa mboga bure kwa yeyote anayefika, foleni inakuwa ndefu lakini inatembea. Mwisho wa baridi mpaka majira ya kuchipua ni kukavu na moto wa msituni sio hadithi, hekalu la Naksansa liliungua 2005 mpaka kengele ya shaba ikayeyuka, na hekalu la Gounsa limepoteza majengo yake mengi Machi 2025. Wakati huo njia nyingi za milimani kwenye hifadhi zinafungwa, kwa hiyo kama mpango wako ni kutembea kutoka hekalu mpaka hekalu juu ya mlima, angalia tangazo la hifadhi kabla, na kiberiti acha hotelini.

Seollal, yaani mwaka mpya wa kalenda ya mwezi, na Chuseok, sikukuu ya mavuno, makasri huwa yanafungua bila kiingilio, ila tiketi za treni siku hizo zinaisha wiki kadhaa kabla maana nchi nzima inarudi makwao. Kama tarehe zako zimegongana nazo, kaa Seoul umalize makasri, Gyeongju nenda wakisharudi kazini.